Kutafuta Makala za Vita vya Maji Maji kwenye Hifadhidata ya Maktaba

Ndugu wanafunzi, habari za asubuhi. Tuchukue swali moja la utafiti: wanawake walishiriki vipi katika Vita vya Maji Maji? Najua wengi mtaliandika lote kama lilivyo kwenye kisanduku cha kutafutia. Hifadhidata kama JSTOR, mkusanyiko wa makala za kitaaluma mtandaoni, hulinganisha maneno, kwa hiyo "walishiriki vipi" hayatakusaidia. Bakiza matatu: vita, wanawake, mahali.

Hapo kwenye mahali ndipo watu wanapopoteza makala nyingi. Vita vilipiganwa 1905 hadi 1907, na jina Tanzania limekuja 1964. Mjerumani aliandika Deutsch-Ostafrika, Mwingereza akaandika German East Africa, baadaye Tanganyika. Ukiandika Tanzania peke yake, maandishi ya karibu miaka 60 huenda yakakupita. Basi unganisha majina yote kwa OR (yaani "au": lolote kati yake likubaliwe), lenye maneno zaidi ya moja ulitie alama za kunukuu, kundi zima ulifunge kwa mabano. Vita navyo vivyo hivyo: "Maji Maji" OR Majimaji. Kisha unganisha makundi kwa AND (yaani "na": makundi yote lazima yawemo). Tafadhali msiyadharau mabano. Bila hayo mashine inaweza kuiunganisha AND na jina moja tu, ikakumwagia kila kilichoandikwa kuhusu Tanzania.

Kuna alama ya nyota (*) pia, inayosimama badala ya herufi zozote. Tanzan* hukuletea Tanzania na Tanzanian. Lakini sikilizeni vizuri, maana miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya Kiingereza: nyota hukaa mwishoni mwa neno, na Kiswahili hubadilika mwanzoni. Mkulima, wakulima, kilimo: nyota haiyashiki yote matatu, na JSTOR haikubali uiweke mbele. Ukitafuta maandishi ya Kiswahili, andika kila umbo kwa mkono, uweke OR katikati. Inachosha, lakini fanyeni.

NOT (yaani "isiyo na" neno fulani) itumieni kwa nadra sana. Ukiandika NOT Kenya, umeitupa hata makala nzuri ya Songea iliyoitaja Kenya mara moja.

Ukishapata makala moja inayokufaa kweli, usikimbilie kuipakua. Tazama kwanza maneno ya mada yaliyoorodheshwa chini ya kichwa chake, uyanakili, uyatafute hayo. Sasa fungueni kompyuta, kila mmoja aanze na majina ya mahali pake.