Mguu Mmoja Unapombebesha Mwenzake
(Mhadhara kwa wazee na wanaowatunza, Moshi)

Wazee wetu, shikamooni. Mzee anaweza kuwa na mguu wenye nguvu na bado akaanguka, kwa sababu wa pili umebaki nyuma. Katika kila hatua, mwili wote hukaa kidogo juu ya mguu mmoja. Mguu dhaifu hauwezi kuuhimili, hivyo mwenzake hutua harakaharaka na hatua zinapishana urefu. Hapo kijiwe kidogo tu kinatosha kumwangusha.

Mara nyingi chanzo ni goti lililouma muda mrefu, nyonga iliyovunjika au kiharusi. Mtu huegemea upande usiouma, na paja la upande wa pili linazidi kusinyaa hata maumivu yakiisha. Lakini udhaifu wa upande mmoja ukija ghafla, mdomo ukapinda au ulimi ukawa mzito, hayo si mambo ya mazoezi: mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Nyumbani, geuzeni ndala zake mzitazame. Moja ikiwa imelika sana upande wa vidole, mguu huo unaburuzwa. Kisha mketisheni kwenye kiti cha mezani, kimo kama sentimita 45, kiegemezwe ukutani. Akunje mikono kifuani, asimame. Mwenye tatizo ataupeleka mbele mguu dhaifu bila kujijua, na kiwiliwili kitalalia upande wenye nguvu.

Kiti hichohicho ndicho dawa. Mguu dhaifu uvutwe nyuma nusu wayo, maana ulio nyuma ndio hubeba zaidi. Mtu asimame karibu naye. Asiyeweza kuinuka, ongezeni blanketi lililokunjwa kitini. Akishasimama, akae polepole mkihesabu hadi 4. Mara 8, apumzike dakika 2, arudie 8. Siku 3 kwa wiki, zisifuatane. Tafadhali asijibwage! Kushuka polepole ndiko kunakolifundisha paja kushika breki, na mteremko wa Kibosho au Marangu unaidai breki hiyo kila siku.

Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi huishika upande unaouma, na nyonga dhaifu inabaki na mzigo wake. Kimo chake: mkono ukining'inia, mshikio ufike kwenye kifundo cha mkono. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima. Kushuka hutangulia fimbo pamoja na mguu dhaifu.