Kumfundisha Mwanafunzi Kujibu Swali la Hadithi Fupi kwa Ushahidi

Karibu, mwalimu. Shika kalamu na daftari, maana kuna mahali tutakapokuomba usimamishe video uandike. Lengo la leo ni aya moja tu: yenye dai, maneno ya hadithi yanayolibeba dai hilo, na maelezo ya jinsi yanavyolibeba. Maelezo ndiyo yanayowashinda wanafunzi wengi, kwa hiyo huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Kwanza, hadithi. Chagua ya kurasa mbili au tatu, isomwe yote ndani ya kipindi na muda ubaki. Kabla ya kutoa nakala, andika namba pembeni kila baada ya mistari mitano. Usipofanya hivyo, kipindi kitaliwa na "Ni wapi hapo, mwalimu?"

Pili, swali. Tazama kipande hiki kwenye skrini, tulichokitunga kwa ajili ya somo hili:

"Hodi ilipobishwa, Zuhura aliifunika barua kwa kitabu. 'Nilikuwa nasoma tu,' alisema kabla mama hajafungua kinywa. Mama alitazama kitabu, akatazama dirisha, akauliza kama mvua imekatika."

Ukiuliza "Zuhura alificha nini?", jibu ni barua, basi. Hakuna la kuthibitisha. Uliza badala yake: "Je, mama anajua kuna kitu kinafichwa?" Hapo darasa litagawanyika, na mgawanyiko huo ndio unaowalazimisha kurudi kwenye maandishi. Kabla hujaingia darasani, jipime: andika majibu mawili yanayopingana, kila moja na ushahidi wake. La pili likikushinda kabisa, badilisha swali.

Tatu, na hapa tunatofautiana na walimu wengi: usianze na dai. Mwanafunzi akishaamua jibu, huokota sentensi yoyote iliyo karibu na kuibandika. Mpe dakika kumi za kukusanya kwanza. Achore jedwali la safu mbili. Kushoto anakili maneno ya hadithi, yasizidi kumi, pamoja na namba ya mstari. Kulia anaandika alichokigundua katika maneno hayo. Kwa mfano, kushoto: "kabla mama hajafungua kinywa". Kulia: amejitetea na hakuna aliyemshtaki. Kikomo cha maneno kumi kina kazi yake. Anayenakili sentensi nzima mara nyingi hajaamua ni neno gani lililomvutia.

Simamisha video hapa ujaze safu mbili za jedwali lako kutoka kwenye kipande hicho.

Umemaliza? Sasa dai. Liwe sentensi moja, lijibu swali, na mtu mwenye akili timamu aweze kulipinga. "Mama anajua" ni fupi mno. "Mama anashuku kuna kitu kinafichwa, ila anaamua kutouliza" linatosha, kwa sababu lina mambo mawili ya kuthibitishwa.

Dondoo lisitupwe katikati ya aya likiwa peke yake. Wanafunzi hupenda kuandika: Ushahidi ni "alitazama kitabu, akatazama dirisha". Nani alitazama? Wakati gani? Waelekeze wamtaje mhusika na tukio kwanza: Zuhura anapojitetea, mama "alitazama kitabu, akatazama dirisha" (mstari wa 3). Maneno yanakiliwa herufi kwa herufi ndani ya alama za mtajo, na yakikatwa katikati, nukta tatu zinaonyesha pengo.

Kuna mtego mmoja wa sarufi. Kiambishi cha nafsi kimeshikamana na kitenzi, kwa hiyo mwanafunzi anayemnukuu Zuhura huandika: Zuhura anasema kwamba "alikuwa anasoma tu". Hayo siyo maneno yaliyomo kwenye hadithi. Ana njia mbili. Aweke koma baada ya "anasema" na kunukuu kama ilivyo: "Nilikuwa nasoma tu." Au aripoti kwa usemi wa taarifa na aondoe alama za mtajo kabisa.

Sasa maelezo. Andika ubaoni jibu hili dhaifu: "Hii inaonyesha kwamba mama anashuku kuna kitu kinafichwa." Waulize sentensi hiyo imeongeza nini. Haijaongeza kitu, imerudia dai kwa sauti ya uhakika. Ifute mbele yao, kisha uliza maswali mawili. Neno lipi hasa linabeba uzito? Na mtu asiyeshuku chochote angefanya nini badala yake? Swali la pili ndilo hufungua vichwa. Andikeni pamoja:

"Macho ya mama yanaanzia kwenye kitabu, pale pale barua ilipofichwa. Asingeshuku kitu, angemtazama Zuhura aliyekuwa anaongea. Kisha anageukia dirisha na kuuliza habari za mvua, kana kwamba utetezi wa Zuhura haukusemwa. Anaikwepa mada ambayo angeweza kuifuata."

Mwanafunzi mmoja huenda akapinga: Zuhura ametaja kusoma, kwa hiyo ni kawaida mama atazame kitabu. Pingamizi hilo ni zuri sana. Usilizime. Mwambie aliandike kama aya yake, naye alipwe alama sawasawa na wengine iwapo maneno ya hadithi yanamuunga mkono.

Wakishaandika rasimu, wafundishe jaribio la kuhamisha: chukua maelezo yako, yaweke chini ya dondoo jingine la hadithi hiyo hiyo. Yakikaa vizuri na huko pia, ni matupu, yaandike upya.

Unapozunguka kati ya madawati, tafuta makosa matatu. La kwanza ni kusimulia upya: ukiona "kisha… halafu… baadaye", mrudishe kwenye swali. La pili ni ushahidi kutoka maishani mwake, kama "mama yeyote hujua mwanawe akidanganya". Linaweza kuwa kweli, ila halimo kwenye hadithi. La tatu ni kuchanganya sauti, yaani kuandika "mwandishi anasema alikuwa anasoma". Anayesema ni Zuhura, na anadanganya. Asiyetenganisha mhusika na msimulizi ataupokea uongo kama ukweli wa hadithi.

Katika kusahihisha, tumia alama sita: dai moja, dondoo mbili, maelezo tatu. Waonyeshe mgawanyo huo kabla hawajaandika, ili waone nguvu zao ziende wapi. Kisha acha maoni juu ya jambo moja tu kwa kila daftari. Daftari lililojaa wino mwekundu mwanafunzi hulifunga.

Kwa hadithi ya pili, ondoa mfano wa ubaoni lakini acha jedwali. Kwa ya tatu, ondoa na jedwali. Wanaopata alama zote tatu za maelezo waongezee sentensi inayoanza na "Mtu anaweza kusema…" na kuijibu kwa dondoo jingine. Wengine wasiharakishwe kufika huko. Pingamizi likiongezwa juu ya maelezo dhaifu, aya yote huyumba.