Kugeuka Kushoto Tu

Habari za jioni, ndugu zangu, na ahsanteni kwa kuja. Leo nazungumzia mbio za magari za njia ya mviringo kwenye simuleta, yaani mchezo wa kompyuta unaoendesha kwa usukani na pedali kama gari la kweli.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, hayo magari yanazunguka upande mmoja, kushoto, kushoto, kushoto. Kuna la kujifunza hapo?" Naliheshimu swali hilo. Sisi tumekulia kwenye Safari Rally, tumezoea gari linaloruka tuta na kuzama kwenye tope, na njia ambayo kila kona yake ni ngeni. Njia ya mviringo haina mambo hayo. Pale Charlotte, North Carolina, mbio ndefu ya mwezi Mei ni mizunguko 400 juu ya njia ya kilomita 2.4, kona zilezile. Lakini nawaambia kwa moyo wote, mimi sijawahi kuikuta kona moja ikiwa vilevile mara mbili.

Sababu yake ni tairi. Gari likigeuka kushoto, uzito unahamia kulia, na tairi la mbele kulia ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Kila ukiingia kona kwa pupa, linasuguliwa na kupata moto, na likipata moto kupita kiasi linapoteza mshiko. Mzunguko wa 5 unaachia mafuta mahali fulani, mzunguko wa 25 mahali palepale panakupeleka ukutani. Kwa hiyo somo lote la njia ya mviringo liko kwenye mguu wa kulia: uachie mafuta lini, na urudishe lini.

Mwanafunzi mpya huchelewa kuachia. Anaona ameingia kona kwa kasi, anafurahi. Kisha gari linakataa kukata kona, linateleza kwenda juu kuelekea ukuta, naye inambidi asubiri katikati ya kona hadi tairi zishike tena. Mwenzake aliyeachia mapema kidogo ameshakanyaga mafuta, na ile tofauti ndogo ya kutoka kona inakua njia nzima iliyonyooka. Nimewafundisha vijana kadhaa, na wote walipunguza muda wa mzunguko siku waliyokubali kuingia taratibu.

Sasa, kwenye simuleta mwili hauna habari. Dereva wa kweli anahisi gari kupitia kiti. Wewe umekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni, na kiti hakisogei. Unabaki na masikio na mikono. Ninapofundisha, nawaambia washike usukani kwa vidole vilivyolegea, maana ukiukaba huusikii. Tairi za mbele zikianza kuteleza, usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama kamba ya kisimani iliyokatika na ndoo kubaki chini. Hapo usizidishe kukata. Rudisha usukani kidogo, punguza mafuta, subiri uzito urudi mikononi. Mkia ukianza kukimbia, usukani wenyewe unataka kwenda kulia. Uruhusu, lakini kidogo tu. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nauzungusha wote, tairi zinashika ghafla, na gari linachomoka kulia moja kwa moja ukutani. Niligonga ukuta wa kona ya nne ya Charlotte usiku baada ya usiku, kabla sijaelewa kwamba kosa lilikuwa kwenye kulirekebisha kosa.

Ukuta huo si wa kubuniwa. Programu ya simuleta iitwayo iRacing, iliyoanza mwaka 2008, inapima viwanja vya kweli kwa leza, hata mabonde madogo ya lami. Daytona utakuta kona zilizoinama nyuzi 31, na mwinamo huo unasaidia kulishikilia gari. Martinsville haifiki hata mita 900 na imeinama nyuzi 12 tu, kwa hiyo pale breki ndiyo mwalimu. Na Darlington, nipendayo kuliko zote, ina umbo la yai: upande mmoja mwembamba, mwingine mpana. Wanaeleza kwamba mwenye ardhi alipouza eneo hilo hakutaka bwawa lake la samaki liguswe, ikabidi njia ibanwe. Uwanja ulifunguliwa 1950, na hadi leo dereva anahangaika kutengeneza gari litakaloridhika pande zote mbili.

Wapo waliotoka sebuleni hadi kwenye lami. William Byron alianza kujifunza kwenye iRacing akiwa kijana, akaingia kwenye gari la kweli akiwa na miaka 15 hivi, na ameshinda Daytona 500, mbio kubwa ya NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani, mwaka 2024 na 2025. Ross Chastain, dereva mwingine wa NASCAR, naye Oktoba 2022 pale Martinsville, mzunguko wa mwisho, alilibana gari kwenye ukuta akakanyaga mafuta bila kuachia, akawapita watu watano. Alisema wazo hilo alilipata kwenye mchezo wa video wa utotoni. Nawaomba msiliige, NASCAR yenyewe baadaye ilisema itaadhibu jambo hilo.

Ukiingia kwenye mbio na watu, hesabu inabadilika. Ukimfuata mwenzako kwa karibu kwenye njia iliyonyooka, anakutobolea hewa na unapata kasi ya bure. Kwenye kona hewa hiyohiyo ndiyo inayokosekana kwenye pua ya gari lako, na gari linakataa kugeuka. Achia mafuta mapema kuliko ulivyozoea ukiwa peke yako. Na heshimu alama za makosa ambazo iRacing inakuhesabia: kutoka nje ya lami ni 1, gari kukushinda ni 2, kumgonga mwenzako kwa nguvu ni 4. Zikiwa nyingi, daraja lako la usalama linashuka. Sauti ya msaidizi kwenye programu ikisema kuna gari ubavuni mwako, upande wa ndani wa kona, mwachie nafasi. Ndani ya gari hilo kuna mtu ambaye naye ametenga usiku wake kwa ajili ya mbio hiyo.

Mashine imeshawaka hapa mezani. Nimeweka Charlotte, tairi mpya, hakuna gari lingine. Kila mtu mizunguko 20, na tutaandika muda wa mzunguko wa 3 na wa 20 tuone tairi zimesema nini. Dada wa mstari wa mbele, karibu uanze.