Leza Inapotua Juu ya Enameli

Wahadhiri wangu na ndugu wanafunzi, shikamooni na habari zenu. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama leza inaimarisha enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, au inaiharibu. Nami huuliza: leza ipi?

Enameli, kwa uzito, ni takriban asilimia 96 madini. Kinachobaki ni maji na protini kidogo. Mwanga haufanyi kitu pasipokuwa na cha kuunywa. Leza ya kaboni dioksidi, hasa ya mikromita 9.3 au 9.6, hunywewa na fosfati ya madini yenyewe. Uso ukipata nyuzi mia kadhaa kwa kitambo kifupi mno, kabonati hutoka kwenye fuwele. Kabonati hiyo ndiyo hurahisishia asidi ya bakteria kazi, kwa hiyo ikipungua, jino huliwa na asidi polepole zaidi. Zidisha joto hadi kupita nyuzi 1,000, na enameli inayeyuka na kuganda upya, laini, inang'aa. Picha zake za darubini ya elektroni hupendwa sana. Mimi hutazama pembeni, kwenye nyufa, maana asidi hupita humo humo.

Leza ya erbiamu, ya mikromita 2.94, ni habari nyingine kabisa. Hiyo hunywewa na maji. Maji yaliyojificha kati ya fuwele hugeuka mvuke ghafla, na chembe za enameli huruka kama bisi. Mgonjwa husikia pa-pa-pa. Panabaki uso mweupe usiong'aa, wenye mashimo madogo, bila ule utando wa vumbi unaoachwa na mashine ya kukereza. Basi wengine wakasema asidi ya fosforiki, tunayopaka ili kijazio kishike, haihitajiki tena kabla ya kuziba jino. Jamani! Tabaka lile la juu limelegea. Kijazio kitashika vizuri, ila kitashika kitu kinachobanduka. Mimi bado napaka asidi.

Halafu kuna joto linalozama ndani. Leza ya kwanza, ya rubi, iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960, na haikuchukua miaka mingi watu wakaielekeza kwenye meno. Mwaka 1965 Zach na Cohen, kwa majaribio ya nyani, walionyesha kwamba joto la kiini, yaani sehemu laini iliyo hai ndani ya jino, likipanda nyuzi 5.5 tu, baadhi ya meno hufa. Kwa hiyo ukishika erbiamu, angalia kwanza kama maji ya kupoza jino yanatoka. Yakikata, ondoa mguu kwenye pedali.