Disa Nyekundu na Maji ya Mlima wa Meza

Ndugu wasikilizaji,

Mtu akisikia kwamba kuna okidi za baridi, huwazia ua lililojikunyata kileleni penye umande ulioganda. Nimeombwa nizungumzie okidi hizo, nami nimechagua moja tu, Disa uniflora ya Afrika Kusini, kwa kuwa inatulazimisha kuuliza swali ambalo wapenzi wengi wa maua hulipita: baridi ipi, ya hewa au ya maji?

Mmea huu, uliopewa jina la kitaalamu na mtaalamu wa mimea Bergius mwaka 1767, huota katika milima ya mawe ya mchanga kuanzia Mlima wa Meza, unaoutazama mji wa Cape Town, hadi Cederberg upande wa kaskazini. Mlima wa Meza wenyewe haufiki meta 1,100, kimo ambacho mtu wa Makete angekiita bondeni. Basi si urefu wa mlima unaoutosheleza mmea huu, bali kijito kisichokauka. Huota kingoni na kwenye nyufa za miamba inayorushiwa matone ya maporomoko, mizizi ikiwa imejitandaza katika mchanga ambamo maji hupita usiku na mchana. Maji hayo yana rangi ya chai, yana asidi, na karibu hayana chumvi za madini, ndiyo maana anayeupanda nyumbani na kuujazia mbolea kwa nia njema huuua.

Linaloshangaza zaidi ni majira. Eneo hilo hupata mvua wakati wa kipupwe na kiangazi chake ni kikavu, lakini disa huchanua Januari hadi Machi, jua likiwa kali. Upepo wa kusini-mashariki unapougonga mlima hupanda, hupoa, na kuufunika kwa wingu jeupe ambalo wenyeji hulifananisha na kitambaa cha meza. Unyevu wake hunasa majanini na miambani, kisha huchuruzika hadi vijitoni. Kwa hiyo ua huota jua huku mizizi ikiwa katika maji baridi.

Uniflora maana yake ni ua moja, jina ambalo mmea wenyewe haulitii, kwani shina laweza kubeba matatu au zaidi, kila moja jekundu na lenye upana wa sentimeta 10 hivi. Mchavushaji wake ni kipepeo wa kahawia, Aeropetes tulbaghia, anayependa wekundu kiasi cha kuziandama hata kofia nyekundu za wapanda mlima. Mbegu nazo si vumbi la kupeperushwa kama za okidi nyingi. Ni kubwa zaidi, huelea, na kijito ndicho kinachozipeleka kwenye makao mapya.

Maji hayohayo yalitamaniwa na mji pia. Mwaka 1891 ulikamilika mfereji wa chini kwa chini uliotobolewa mlimani ili kuyaelekeza Cape Town, na kijito kilichogeuzwa njia kinaitwa Disa.