Namba Moja Haitoshi: Kuzisoma CEA, CA 19-9 na AFP

(Mhadhara kwa wauguzi, wanafunzi wa tiba na ndugu wanaouguza wagonjwa wa saratani za njia ya chakula)

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za mchana.

Leo tunazungumzia CEA, CA 19-9 na AFP, vitu vinavyopimwa kwenye damu ambavyo saratani inaweza kuvipandisha. Kuna jambo linalonisumbua sana kliniki. Mtu anaingia na karatasi ya maabara mkononi, imeandikwa CEA 6.8, pembeni pana mshale wa kuelekea juu. Haumwi popote. Alipima tu kwa sababu kipimo kilikuwemo kwenye kifurushi cha uchunguzi wa afya, na tangu apokee jibu hajalala. Mimi namuuliza: unavuta sigara? Ini lako limewahi kupimwa? Kwa sababu kikomo tunachotumia ni nanogramu 5 kwa mililita, na mvutaji sigara anaweza kukipita bila kuwa na saratani yoyote. Mwenye ugonjwa wa ini, au kongosho lililovimba bila saratani, au vidonda vya muda mrefu vya utumbo, naye hivyohivyo.

Tuelewe kwa nini. CEA ni protini inayotengenezwa na chembe za utando wa utumbo. Kwa mtu mzima mwenye afya inamwagwa upande wa ndani, kule kinyesi kinakopita, kisha inatoka. Chembe zikigeuka saratani zinapoteza mpangilio wake, haijulikani tena juu ni wapi na chini ni wapi, na protini inavujia kwenye damu. Anayeisafisha damu ni ini. Ndiyo maana ini likichoka, namba inapanda hata utumbo ukiwa mzima.

Phil Gold na Samuel Freedman walioigundua kule Montreal, Kanada, mwaka 1965, waliikuta kwenye uvimbe wa utumbo mpana na kwenye utumbo wa kijusi, lakini vipimo vya wakati huo havikuiona kwenye utumbo wa kawaida wa mtu mzima. Matumaini yakawa makubwa: tone la damu litamwambia kila mtu kama ana saratani. Haikuwa hivyo. Saratani nyingi za mwanzo hazipandishi CEA hata kidogo. Kwa hiyo hatuitumii kumsaka mgonjwa. Saratani inathibitishwa kwa kamera inayoingizwa ndani ya njia ya chakula na kwa kipande cha nyama kinachosomwa chini ya hadubini.

Basi ina kazi gani? Kazi yake inaanza baada ya saratani kuthibitishwa, nayo ni kutuonyesha ugonjwa unaelekea wapi. Wagonjwa wawili wana saratani ya utumbo mpana ya hatua ileile. Mmoja anaingia chumba cha upasuaji na CEA ya 3, mwingine 40. Kwa jumla, watu wa kundi la huyu wa pili ugonjwa huwarudia zaidi, na daktari analiweka hilo kwenye mizani anapofikiria tiba kemia baada ya upasuaji. Sasa nawaomba sana ninyi wauguzi: damu hiyo itolewe kabla ya upasuaji. Ikisahaulika, hatuna pa kuanzia kulinganisha, na nafasi hiyo hairudi.

Niandike ubaoni mfano niliotunga. Mama ana 48 kabla ya upasuaji. Wiki ya sita baadaye ana 3.1. Kisha kila miezi mitatu: 2.9, 3.0, 4.4, 7.2. Tusome pamoja. Kushuka kutoka 48 hadi 3.1 ni habari njema, maana uvimbe ukiondolewa wote CEA hutakiwa kurudi chini ya kikomo ndani ya wiki nne hadi sita. Ingekwama 20, tungeuliza ni nini kimebaki ndani. Sasa tazameni 4.4. Maabara haitaweka mshale, kwa sababu bado iko chini ya 5. Lakini mama huyu amekaa kwenye 3 kwa miezi, na mimi hapo nashtuka kidogo. Sisemi neno la kumtisha. Narudia kipimo mapema. Ikifika 7.2 narudia tena, maabara ileile, kwa sababu mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu ileile. Ikithibitika inapanda, anakwenda kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya mwili, tukitazama ini na mapafu kwanza. Doa moja kwenye ini likikutwa mapema, mara nyingine linakatwa na mtu anapona. Huo ndio utajiri wa kipimo hiki, na unapatikana kwenye mfululizo. Ndugu mnaouguza, nunueni daftari, andikeni tarehe, namba na jina la maabara.

Jihadharini na jambo moja: wiki za mwanzo za tiba kemia CEA inaweza kupanda kwa muda halafu ikashuka, dawa inafanya kazi vizuri tu. Msikimbilie kuiacha dawa.

Niwe mkweli kuhusu mipaka yake. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kwa kikomo cha 5, kati ya watu 100 ambao ugonjwa umewarudia, CEA inawagundua 71 hivi. Wengine 29 inawapita. Na kati ya 100 ambao haujarudi, 12 inawatisha bure. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2014, uliwafuatilia wagonjwa 1,202: waliopimwa CEA mara kwa mara walipata zaidi nafasi ya upasuaji wa kuponya ugonjwa uliporudi, lakini idadi ya vifo haikupungua kwa kiasi cha kuthibitika.

CA 19-9 ni ya kongosho na njia za nyongo zaidi, kikomo chake yuniti 37 kwa mililita. Ikipanda mno kabla ya upasuaji, tunashuku ugonjwa umeshasambaa kuliko picha inavyoonyesha. Ila mgonjwa mwenye macho ya manjano kwa sababu nyongo imeziba atakuwa na namba kubwa hata bila saratani, kwa hiyo nyongo ifunguliwe kwanza ndipo tupime upya. Na hili linatugusa sisi: wapo watu ambao damu yao, kwa urithi wa kundi la damu linaloitwa Lewis, haiwezi kabisa kuitengeneza CA 19-9. Miongoni mwa Wazungu ni kama 5 hadi 10 kwa 100. Kwa watu wenye asili ya Afrika wameripotiwa kuwa wengi zaidi, hata kufikia mmoja kati ya watano. Kwa mtu huyo namba ndogo haisemi lolote.

AFP ni ya ini. Garri Abelev wa Moscow aliiona kwa panya mwaka 1963, na Yuri Tatarinov kwa wagonjwa mwaka uliofuata. Ikivuka nanogramu 400 kwa mililita kwa mwenye saratani ya ini, mwelekeo ni mgumu. Homa ya ini aina ya B nayo huipandisha kiasi, na huku kwetu wenye virusi hivyo ni wengi.

Nimeacha umio, mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, mwishoni kwa makusudi. Kuanzia Kenya, kupita Tanzania hadi Malawi, saratani ya umio inaua watu wengi, nayo haina kipimo cha damu cha kutegemewa, si cha kuigundua wala cha kutuambia inaelekea wapi. Tunategemea kamera, picha, uzito uliopungua, na kama mgonjwa bado anameza. Mtu akianza kusema ugali unakwama kifuani, siku hiyohiyo aandikiwe kamera. Asizungushwe maabara akisubiri majibu ya CEA.

Sasa maswali. Mama wa mstari wa nyuma, karibu.