Kapera Pembeni mwa Dansi: Jinsi Muundo wa Jamii Unavyoingia Mwilini

Habari za jioni, ndugu zangu. Mada mliyonipa, jinsi muundo wa jamii, yaani mpangilio wa desturi na mahusiano tunaoukuta tukizaliwa, unavyomwongoza mtu, ni pana, kwa hiyo sitawapitisha kwa kila mwananadharia. Wanafunzi wenye mtihani watanisamehe.

Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, yaani mtaalamu wa elimu ya jamii, aliandika mwaka 1895 kwamba yako mambo ya kijamii yaliyo nje ya mtu na yanayomshurutisha. Hakuna askari anayemlazimisha Mfaransa kuzungumza Kifaransa na wenzake au kutumia sarafu ya nchi yake, lakini ajaribu kuacha aone. Karl Marx, mwanafalsafa Mjerumani, alikwisha kusema mwaka 1852 kwamba watu hutengeneza historia yao wenyewe, ila si katika hali waliyojichagulia. Sawa. Lakini hayo mashinikizo humwingia mtu kupitia wapi?

Kwangu mimi, aliyejibu vizuri zaidi ni mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu, na jibu alilikuta dansini.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Béarn, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baadaye alirudi kuchunguza jambo lililowakera wenyeji: wanaume wenye ardhi hawapati wake. Utafiti ulichapishwa mwaka 1962. Humo anaeleza dansi la Krismasi katika ukumbi wa mkahawa. Katikati vijana wanacheza mitindo ya mjini. Pembeni wamesimama wanaume waliokwisha kuvuka ujana, bereti kichwani, suti nyeusi zilizopitwa na wakati. Mara wanasogea kana kwamba wataingia, wanawabania wachezaji nafasi, lakini hawachezi. Hadi usiku wa manane wapo palepale, wanatazama wasichana.

Na msidhani ni mafukara. Wengi ni vifungua mimba. Kwa desturi ya Béarn, kifungua mimba ndiye aliyerithi nyumba na shamba. Wadogo zake walipewa fungu lao, aghalabu fedha, wakatafuta maisha kwingine. Ndoa zilipangwa na familia, na mrithi alikuwa akigombewa. Mwenye shamba hakuwa na haja ya kujua kucheza! Kisha vijana wakaanza kuchaguana wenyewe, na wasichana wakageuza macho kuelekea mjini. Ardhi iliyompa mrithi heshima ikawa ndiyo inayomfunga. Mdogo wake aliyeondoka anaoa. Yeye amebaki na ng'ombe.

Hakuna aliyemkataza kucheza. Kinachomzuia ni miguu yake mwenyewe: mwendo wa mtu wa matope na viatu vya mbao, malezi yanayosema kujipamba si uanaume, na aibu ya kujua kwamba msichana anauona mwendo huo. Wanawake wa kijiji hichohicho walilelewa kuangalia mavazi na mwenendo, wakayadaka ya mjini upesi. Mazoea hayo yaliyoganda mwilini, yanayotenda kabla mtu hajafikiri, Bourdieu aliyaita habitusi.

Wapo wanaomlaumu Bourdieu kwamba amemtia mtu pingu, kana kwamba hana hiari. Mwanasosholojia Mwingereza Anthony Giddens, mwaka 1984, alisisitiza kwamba muundo unatubana na pia unatuwezesha, nasi tunaujenga upya kwa matendo yetu ya kila siku. Nakubali, ila nusu. Turudi Béarn: kaka na dada wamelelewa nyumba moja, chungu kimoja. Dada kaweza kuondoka, kaka kashindwa hata kuvuka sakafu ya ukumbi. Giddens ananiambia wote wawili walikuwa na uwezo wa kutenda. Bourdieu ananiambia kwa nini uwezo huo haukulingana.

Karibuni kwa maswali. Nimemwona mama pale nyuma, mkono umeinuka kitambo. Tuanze naye.